Safari ya Jogoo

Kila asubuhi cherehani ya baba huimba, na Chiriku huota ndoto akiwa macho. Hukaa kizingitini akichagua vipande vya vitambaa, kisha huwafunga kuku shingoni. Jina hilo walimpa majirani, maana mdomo wake hauna likizo.

Wiki moja mama alikwenda kwa mdogo wake aliyejifungua. Wageni wakaja, baba akamchinja jogoo. Chiriku akauliza jogoo yuko wapi, huku anatafuna paja.

"Kasafiri," baba akatania. "Kaenda kwa mjomba wake."

Toka hapo safari ikanoga. Chiriku alimwona jogoo akipanda vilima vya mawingu, kitambaa chekundu shingoni, akipiga hodi kila nyumba. Baba naye akaongeza chumvi: mjomba ana bustani, mjomba ana kitanda cha nyasi laini. Basi kila jioni Chiriku akawa anafungua banda kimyakimya, jogoo asije akakuta mlango umefungwa. Mara tetea mmoja akatoweka. Kicheche kampitia.

Jirani yao, mama muuza nyama, alikuja kuchukua gauni lake. Akamkuta Chiriku kanuna, uji umepoa mbele yake.

"Vipi, leo umemeza kufuli?"

"Shangazi, jogoo harudi. Na mama naye kasafiri. Naye harudi?"

Cherehani ikanyamaza.

"Umeona, fundi?" jirani akasema taratibu. "Uongo wako umeshona hata usipopataka. Mtoto mwambie kweli, kwa maneno machache. Mjibu alichouliza. Usimtishe, usimlazimishe kutazama. Wanangu wanajua nyama yangu ilikuwa ng'ombe, akachinjwa. Na wanakoroma kama kawaida."

Baba akachuchumaa.

"Mwanangu, jogoo hakusafiri. Nilimchinja. Ile nyama ndiyo yeye."

"Niliyokula mimi?"

"Uliyokula."

"Aliumia?"

"Aliumia, kwa muda mfupi. Kisu kilikuwa kikali."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utalia."

"Sasa si nalia vilevile?"

"Lia tu. Lakini mama yako kasafiri kweli. Tumpigie."

Sauti ya mama ikatoka kwenye simu, na nyuma yake kichanga kinalia. Chiriku akafumba macho, akaisikiliza kama mtu anayekunywa maji. Jioni ile banda likafungwa.

Mama aliporudi, walitaka kuchinja kuku mweusi. Safari hii baba alimwambia Chiriku mapema. Chiriku akampapasa kuku mgongoni, akamnong'oneza jambo, akaingia ndani.

"Nyama sitaki," akasema mezani.

"Haya, kula mboga," mama akajibu. Hakuna aliyemlazimisha.

Kesho yake akaomba kipapatio.

"Huyu ndiye yule mweusi?"

"Ndiye," baba akasema.

"Alikuwa mchokozi sana," akasema Chiriku, akatafuna polepole, macho yakiwa mbali, kama anayesimulia habari za rafiki.