Chano cha Maini

Mwanamvita alianza kwa kuangusha mkasi. Alikuwa anakata leso dukani kwao Voi, mkasi ukamponyoka, akaucheka. Ukamponyoka tena. Mumewe Harith akamtania kwamba uzee umebisha hodi mapema, wateja nao wakacheka. Ilikuwa siku ya kawaida, jua kali, na Mwanamvita kama kawaida yake alishinda kwa chai ya rangi na mahamri.

Miezi ikapita. Akawa mweupe viganjani, ulimi ukawa mwekundu na laini, miguu ikafa ganzi. Harith alimpenda mkewe kuliko duka lile, tusimwonee kwa hilo. Akampeleka maabara kwa Sylus, kijana wa kijiji cha Wusi, mkewe akatolewa damu.

"Mzee Harith, hebu angalia," Sylus alisema, akimsogezea hadubini. "Chembe nyekundu ni chache, tena zimefura, kubwa kama mayai. Hizi nyeupe nazo, kiini kimekatika vipande vipande. Damu yake haiivi. Mama amekosa foleti na vitamini B12. Adungwe sindano leo, halafu ale maini, mayai, maziwa na mboga."

Maneno hayo yangemtosha mtu yeyote. Lakini nyumbani alikuwepo Bi Aliya, shangazi yake Harith aliyemlea, mpunga pepo anayejulikana mji mzima.

"Damu kufura si njaa yake, mwanangu," alisema. "Ni ya mwenzake, pepo aliye ndani. Ukimlisha Mwanamvita, umemlisha yeye. Ukimtia sindano, atakimbilia moyoni. Watenganishie sahani."

Harith akaikataa sindano, akawatenganishia. Kila asubuhi chano, lile sinia la mbao la kulishia pepo, kilitandikwa stoo: maini, mayai na maziwa, vya kumtoa yule mgeni. Mwanamvita alipewa uji mweupe. Mlango wa stoo ulifungwa, ufunguo ukakaa mfukoni mwa Harith.

Adhuhuri sahani zilikuwa tupu. Alidhani ni paka, akaziba dirisha kwa mbao. Kesho yake zilikuwa tupu tena, safi, hata harufu ya mafuta hakuna. Bi Aliya akashukuru Mungu. "Ameanza kuhama," alisema. Harith naye akafurahi, mpumbavu wa Mungu, akaongeza maini.

"Harith," mkewe alinong'ona siku moja. "Nasikia harufu ya maini. Nionje tu."

"Vumilia, mke wangu. Utakula ukipona."

Aligeukia ukuta wa stoo. Kisha akasema, "Anatafuna upande wa kushoto. Kama mimi."

Harith akatega sikio. Jua lilikuwa utosini, barabarani watu wanauza na kununua. Ukutani, upande wa stoo, kitu kilikuwa kinatafuna. Polepole. Kwa raha.

Hapo ndipo woga wa Harith ulipoyashinda maneno ya shangazi yake. Alifungua stoo. Hapakuwa na mtu. Akanyakua kipande kimoja kilichobaki, akakimbilia kitandani, akamwekea mkewe mdomoni kwa mkono wake. Mwanamvita alijaribu. Alijaribu kweli, maskini. Hakuweza kumeza. Macho yalimtoka kwa hamu, na pumzi ikawa fupi, fupi zaidi.

Alfajiri ya pili alikuwa amekwisha. Walimzika siku hiyohiyo, baada ya swala ya adhuhuri. Harith alishuka kaburini akampokea mwenyewe. Alikuwa mwepesi mno, na Harith akalia kwa sauti bila kuona haya mbele ya watu.

Alikuwa bado na udongo mikononi simu ilipoita.

"Mzee, hongera!" Ni Sylus, mchangamfu, hana habari ya msiba. "Pitia hapa uone mwenyewe. Damu ya mama imerudi!"

Harith akakata simu. Alikwenda kwa miguu, huku watu wakimwita nyuma yake.

"Angalia," Sylus alisema, akimpisha kwenye hadubini. Harith aliinama. Chembe zilikuwa nyingi, zimelingana, mviringo, nyekundu. Hakuna hata moja iliyofura.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mama, jamani! Si amekuja hapo adhuhuri? Ametembea mwenyewe, na amenawiri sana. Nilimwambia Mungu ni mkubwa." Sylus akamtazama vizuri, tabasamu likapungua. "Mzee, kwani kuna nini?"

"Amekwenda wapi?"

"Nyumbani. Amesema ana njaa, na anajua wewe hutamnyima."

Harith aliichukua chupa ya damu mezani. Jina la mkewe lilikuwa limeandikwa pale, kwa mkono wa Sylus. Akaifumbata.

Bado ilikuwa na joto.