Mwanga Uliokataa Kufifia

Kwanza ilikuwa beji moja tu ya kupimia mionzi, ile ambayo Kulusum huvaa kifuani akipiga eksirei. Naimah, mpimaji wa beji katika kliniki hiyo ya Bwera, aliitia mashineni, akaimulika kwa taa ya kijani. Fuwele iliyomo ndani ikatoa mwanga wa buluu. Kwa kawaida mwanga huo huanza kwa nguvu, kisha hufifia: fuwele hutapika mionzi iliyokula, ikiisha, giza. Huu ulififia, ukasita, ukapanda tena.

"Mashine yako iko na wazimu," alisema Hamuza, mwenye kliniki.

"Mashine ni nzima, Hajji. Chumba cha eksirei ndicho kibovu, kinavuja mionzi. Funga! Kulusum iko na mimba."

"Nifunge, wagonjwa niwapeleke kwa mama yako?"

Naimah akachomoa beji mashineni. Kulusum akamsogelea, mkono juu ya tumbo lake lililovimba, akanong'ona, "Dada, mule ndani munanuka udi. Na mutu anapumua nyuma ya mulango."

Habari za udi zilipomfikia Hamuza, badala ya fundi akaleta mganga, Mwalimu Swalik. Akafukiza, akasoma, akaamuru vyote vilivyofichwa gizani vianikwe, maana jini halipatani na jua. Naimah alirudi kutoka sokoni akakuta beji zimebanduliwa, fuwele zimetandazwa mkekani kama kahawa inayoanikwa Kyarumba.

"Mmezifuta! Jua limemwaga mionzi yote iliyokuwamo! Sasa nitathibitisha nini?"

"Si ndiyo vizuri?" Hamuza alicheka. "Ziko safi. Kulusum, rudi kazini."

Naimah akazizoa kwa ghadhabu, akaingia nazo chumba chake cha giza, na kabla hajagusa taa, fuwele zile ambazo hazikupaswa kubaki na chembe ya mwanga zikawaka zote pamoja, zikafifia, zikawaka, zikafifia, kama kifua cha mtu aliyelala, na harufu ya udi ikamjaa puani, na pumzi ikamgusa kisogoni, naye akatoka mbio hadi eksirei, akamvuta Kulusum nje, akafunga mlango, akautia ufunguo kifuani mwake.

"Nifukuze ukitaka, Hajji! Leo hapa haingii mtu!"

Kabla Hamuza hajajibu, sauti ya Kulusum ikaita kutoka ndani ya chumba, taratibu:

"Dada, fungula. Mutoto anasikia baridi."

Kulusum alisimama kando ya Naimah, midomo imefumbwa, mikono ikipapasa tumbo. Lilikuwa bapa.