Namba Tano za Cheche

Kila Jumanne na Jumatano, kengele ya mwisho ikishalia, Cheche alikuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha kompyuta. Alivua viatu mlangoni, akavuta kiti chenye mguu mfupi na kusukuma kipande cha kadibodi chini yake ili kisiyumbe. Walimwita Cheche kwa sababu hakujua kungoja. Mwalimu akiuliza, mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha, hata kama jibu hakuwa nalo.

Chumbani mlikuwa na skrini kumi, lakini kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu: sanduku jeusi juu ya meza ya chuma, ambalo halikuzimwa siku za shule. Wanafunzi waliandika programu zao kwenye kitu walichokiita daftari. Ukurasa wake ulikuwa na visanduku. Unaandika maagizo ndani ya kisanduku, unabonyeza, na jibu linatokea chini yake palepale.

Ufunguo wa chumba ulikaa shingoni mwa Kobe, mvulana aliyekaa dawati moja na Cheche, kwa kamba ya bluu. Kobe alivaa miwani minene na kuandika kwa kidole kimoja. Alikuwa mzito, lakini alichokiandika hakikuhitaji kufutwa.

Jumanne hiyo Cheche alitaka kusaka namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Tatizo ni kwamba programu ilipokuwa ikisaka, daftari lilisimama na yeye akabaki kukodoa macho. Kaka yake, fundi simu, alikuwa amemwandikia mistari ya kuipeleka kazi nyuma, ili iendelee yenyewe huku yeye akiandika mambo mengine mbele.

"Kuna na mistari ya kuisimamisha," kaka alimwambia. "Njoo nikuonyeshe."

"Nimeshaelewa, kaka!" Cheche alijibu akiwa tayari yuko barabarani.

Ukutani mwalimu alikuwa amebandika karatasi: USIPELEKE KAZI NYUMA BILA KUNIAMBIA. Cheche aliisoma, kisha akaipa mgongo.

Alibonyeza. Mara hiyohiyo ikatokea namba: 4418. Akacheka kwa dharau. Namba tasa gani hiyo inayogawanyika kwa mbili? Akabonyeza tena. 4421. Hiyo alijaribu kuigawanya, ikagoma. Akabonyeza mara ya tatu, ikaja 4425, na mtoto wa darasa la tatu angejua kwamba inagawanyika kwa tano. Alibonyeza mara tano kwa jumla, akaziandika namba zote nyuma ya daftari lake la hesabu. Kisha akachoka, akafunga ukurasa na kutoka pamoja na Kobe kwenda nyumbani.

Kesho yake Nesi wa shule alikuwa akiwapima wanafunzi macho tangu asubuhi. Kobe aliruhusiwa kukosa vipindi ili amsaidie. Nesi alitaja jina na kipimo, Kobe akaandika kwenye daftari lake ndani ya kompyuta. Daktari wa macho angefika Alhamisi asubuhi, na ni wale tu waliokuwa kwenye orodha ambao wangeonwa.

Cheche alipoingia baada ya kengele, alikuta mwalimu na Nesi wamesimama nyuma ya Kobe. Sanduku jeusi lilikuwa likivuma kama mashine ya kusaga. Kwenye skrini ya Kobe, kishale kilikuwa kimeganda.

"Ilianza kujivuta saa nne," Kobe alisema. "Sasa haisogei kabisa. Mwalimu, nilikuwa sijahifadhi."

"Majina mangapi?" mwalimu aliuliza.

"Mia moja na tisa."

Nesi alikaa kwenye kiti kama aliyesukumwa. "Yupo mtoto wa darasa la pili asiyeiona hata ile herufi kubwa ya juu. Daktari akiondoka kesho, hadi mwakani. Zima basi, uwashe upya."

"Nikizima, yote aliyoandika yanapotea," mwalimu alisema. Akamgeukia Kobe. "Umeweka michezo tena?"

"Hapana, Mwalimu. Ile ilikuwa mwaka jana, nikaomba msamaha."

"Kitu kinakula nguvu ya hii kompyuta, na ufunguo unao wewe."

"Mwulize Cheche! Jana tulitoka wote. Cheche, mwambie. Uliniona nikiweka michezo?"

Wote wakamtazama. Cheche alihisi masikio yakimchemka. Alisikia sanduku linavyovuma, akajua kwamba ni ile kazi yake ya jana. Lakini ukurasa si alikuwa ameufunga? Kilichofungwa kimefungwa.

"Mimi sijui," alisema.

Alivua kamba ya bluu shingoni. Ilikwama kwenye miwani, akaitoa polepole na kuiweka mkononi mwa mwalimu. Kisha akatoka nje na kukaa kwenye ngazi.

Mwalimu alifungua orodha ya kazi zote zilizokuwa zikiendelea. Ilichukua dakika nyingi kutokea. "Zipo kumi na moja," alinong'ona, "na zote zina jina moja. Nikiua isiyo ya Kobe, sawa. Nikiua ya Kobe, tumekwisha." Kando ya kila kazi palikuwa na namba yake. Cheche alinyoosha shingo. Ya kwanza aliyoiona ilikuwa 4418.

Alitoka akasema anaenda kunywa maji. Alifungua bomba, maji yakamwagika tu, hakunywa. Kutoka pale aliuona mgongo wa Kobe. Alikuwa amevua miwani na kuipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Cheche alijaribu kujiambia kwamba mwalimu atagundua mwenyewe. Alijaribu kujiambia kwamba Kobe atarudishiwa ufunguo wiki ijayo. Hakuna hata moja lililomwingia akilini.

Alifunga bomba, akarudi mbio, akachomoa daftari la hesabu kwenye mkoba.

"Mwalimu, ni zangu." Sauti ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Hizi tano. Nilizipeleka nyuma jana. Nilidhani ni majibu, kumbe... Kobe hana kosa. Na nilijua pale Kobe aliponiuliza."

Mwalimu alilichukua daftari, akalisoma. "Hizi si majibu, binti. Kila ulipobonyeza ulizaa kazi mpya, na hiyo ni namba yake. Zote tano zimesaka usiku kucha na kurundika zinachokipata, mpaka kompyuta imejaa pomoni."

Alizisimamisha moja moja, Cheche akimsomea. Ya tatu ilipokufa, mvumo ukashuka. Ya tano ilipokufa, chumba kikawa kimya mpaka wakasikia bomba likidondosha maji nje. Kishale cha Kobe kikaanza kupepesa.

"Mwiteni mwenyewe," alisema Nesi.

Kobe akaja, akahifadhi, akahesabu majina kwa kidole. Mia moja na tisa. Mwalimu akamvisha kamba ya bluu. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kwa kosa la mwaka jana."

"Samahani, Kobe," Cheche alisema. "Samahani sana. Samahani..."

"Basi," Kobe alimkatiza bila kumtazama. "Usije ukaibonyeza na hiyo samahani mara tano."

Nesi akacheka. Cheche hakucheka, lakini alipumua.

Mwalimu aliibandua karatasi ukutani na kumpa. "Wiki mbili hugusi kompyuta. Utakaa na Nesi, umsomee Kobe majina yaliyobaki. Halafu utaiandika upya karatasi hii, maana niliandika katazo nikasahau kueleza sababu. Andika hivi: kufunga ukurasa hakusimamishi kazi uliyoianzisha. Usianzishe usichojua kukisimamisha. Na ukikosea, sema mapema. Ulipokaa kimya, kosa lako halikukaa. Liliendelea kula, na aliyeliwa ni mwenzako."

Cheche aliikunja karatasi, akavuta kiti chake hadi karibu na Kobe. Akapokea kwa Nesi orodha ya waliobaki kupimwa, akasubiri kidole kile kimoja kiwe tayari, ndipo akasoma jina la mia moja na kumi.