Nadhiri ya Tiruye

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nne ya mwezi wa Megabit kwa kalenda yetu. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi kavu, na upepo wa mlimani ulipuliza vumbi mpaka ndani ya nyumba. Tulikuwa katikati ya mfungo mkubwa wa kabla ya Pasaka. Watu walikuwa wametoka kanisani, na hakuna aliyetarajia kula kabla ya saa tisa.

Nilikuwa nafagia uwanja wangu. Ng'ambo ya ua nilimwona Tiruye, mke wa Ayalneh, akirudi kisimani na dumu la maji mgongoni. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Alipofika mlangoni alishika nguzo, kisha akakaa chini polepole, kama mtu aliyesahau alichokuwa akifanya.

Nilitupa ufagio nikamkimbilia.

"Tiruye! Unaumwa?"

"Hapana, dada. Kizunguzungu tu."

"Umekula nini?"

"Leo Jumatano, siku ya mfungo."

"Sijakuuliza siku. Nimekuuliza umekula nini."

Mama mkwe wake, Emama Wubalem, alitoka na birika la kahawa mkononi.

"Mpe kahawa, atapona," alisema. "Mimi nilifunga na mimba zangu zote. Asubuhi nalima, mchana najifungua, jioni napika."

"Na usiku ukaenda vitani," nikamwambia.

Emama alicheka, nami nikacheka. Tiruye hakucheka. Hapo nikaingiwa na hofu, kwa sababu nilijua habari za mwaka uliopita.

Mwaka huo Tiruye alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakupumua. Kwetu, mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa haliliwi hadharani. Hakuna matanga. Ayalneh alimzika kabla jua halijachomoza. Sisi wanawake tulimwambia Tiruye, "Nyamaza, Mungu atakupa mwingine." Naye akanyamaza. Sasa Mungu alikuwa amempa mwingine, na bado alikuwa amenyamaza. Hakuimba tena akisaga nafaka. Ayalneh aliniambia kwamba usiku mkewe hulala macho wazi.

Nikamwomba Mungu anionyeshe la kufanya. Kisha nikaenda kumwita Fikirte, mhudumu wa afya wa kijiji chetu.

Fikirte alikuja, akaketi kwenye kigoda karibu na moto. Alipima mkono wa Tiruye kwa utepe, akaangalia ndani ya kope zake.

"Damu yako ni kidogo," alisema. "Vidonge vya kuongeza damu nilivyokupa unavimeza?"

"Anavimeza kila siku," Emama akadakia. "Na kahawa. Mimi mwenyewe namnywesha."

"Vikombe vingapi?"

"Vitatu asubuhi, vitatu mchana. Sisi si wachoyo."

Fikirte alitabasamu. "Emama, kahawa inavizuia vidonge visifanye kazi vizuri. Avimeze kwa maji, na kahawa asiinywe saa hiyohiyo. Kikombe kimoja kidogo kwa siku kinamtosha. Kahawa nyingi si nzuri kwa mtoto, na pia inaondoa usingizi."

Kisha akamgeukia Tiruye. "Unalala?"

"Kidogo."

"Ukimfikiria mtoto huyu, unaona nini?"

Tiruye alitazama moto. "Simfikirii. Naogopa."

"Unaogopa nini, mdogo wangu?"

Ayalneh alikuwa amesimama mlangoni.

"Niliweka nadhiri," Tiruye alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwahidi Mungu sitakula kabla ya saa tisa, wala sitagusa maziwa wala yai, mpaka mtoto azaliwe. Nikivunja nadhiri, atamchukua na huyu."

"Mpaka azaliwe?" Emama alishtuka. "Hata baada ya Pasaka?"

"Hata baada ya Pasaka."

Emama aliweka birika chini. Hakusema tena habari za kulima.

Fikirte hakumgombeza. "Umefanya vizuri kusema," alimwambia. "Umebeba mzigo mkubwa peke yako. Mimi naweza kukueleza habari za damu na chakula, lakini nadhiri siwezi kuigusa. Baba yako wa roho ni nani?"

"Abba Melaku."

"Ayalneh, kamwite."

Ayalneh alikwenda mbio kanisani kumwita padri. Tulipokuwa tukingoja, Fikirte aliendelea.

"Mtoto anakula kupitia kwako. Ukikaa na njaa mpaka saa tisa, wewe unapata kizunguzungu na yeye anakosa cha kumkuza. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Dengu, mboga za majani, yai, maziwa. Tembea kidogo, pumzika mchana. Na jambo lingine. Huzuni isiyoondoka, kukosa usingizi, kuogopa kila saa, haya ni ya kutibiwa kama homa inavyotibiwa. Si dhambi, wala si uvivu. Ukiona wiki mbili zinapita na moyo bado mzito, niambie. Ukijiwa na wazo la kujidhuru, usingoje hata saa moja. Kwenye kituo cha afya kuna muuguzi anayesikiliza watu wenye mawazo. Nitakupeleka mwenyewe."

"Siku hizi hata mawazo yana muuguzi," Emama alisema.

"Emama, ulipojifungua mchana ukapika jioni, ulitamani nini?"

Emama alifikiri. "Kulala," alisema. "Mungu anisamehe, nilitamani mtu aniambie, lala."

Abba Melaku aliingia akihema, vumbi tele kwenye joho lake. Tulibusu msalaba wake mmoja mmoja. Alisikiliza yote bila kumkatiza Tiruye.

"Mwanangu," alisema, "kanisa halimdai mfungo mjamzito, wala anayenyonyesha, wala mgonjwa. Hayo si maneno yangu, ni utaratibu wetu. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa ungekataa, Abba."

"Ningekataa kweli! Ulimwahidi Mungu kwa hofu, ukadhani anasimama na fimbo akikuvizia. Nami kama baba yako wa roho, nakufungua. Kula. Na kila ukila, shukuru. Sala hiyo inatosha."

Akaweka msalaba juu ya kichwa chake, akaomba. Halafu akauliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliuliza.

"Yule wa kwanza, aliitwa nani?"

"Hakuwa na jina, Abba," Emama alijibu.

"Namuuliza mama yake. Moyoni ulimwita nani?"

"Bereket," Tiruye alisema. Kisha akalia, kilio kirefu, kama maji yaliyozuiwa tangu mwaka uliopita. Emama alifungua mdomo kusema neno, lakini Fikirte akamgusa goti.

"Mwache, Emama."

Asubuhi iliyofuata nilipeleka uji wa shayiri, tukaketi pamoja, mimi na Tiruye. Mimi sikuwa mjamzito wala mgonjwa, mlo wangu niliula saa tisa, lakini nilionja kijiko kimoja ili asijione yuko peke yake. Naamini Mungu aliniangalia kwa upole.

Mabadiliko hayakuja siku moja. Siku nyingine Tiruye hakutaka kuamka. Fikirte alimpeleka kwa yule muuguzi, naye akarudi tena na tena. Ayalneh alichukua kazi ya maji. Wanaume walimcheka njiani.

"Ayalneh, umeolewa siku hizi?"

"Ndiyo," aliwajibu, dumu mgongoni. "Na nimepata nyumba nzuri. Ninyi bado mnatafuta?"

Baada ya Pasaka, Tiruye alikuwa analala. Miezi miwili baada ya siku ile, mwezi wa Ginbot, nikamsikia akiimba akisaga nafaka. Nilisimama uani na ufagio wangu, nikamshukuru Mungu kimyakimya.

Mvua za Hamle zilipokuja, alijifungua salama katika kituo cha afya. Mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Fikirte alituonya kwamba huzuni huweza kurudi baada ya kujifungua, hivyo tumtazame mama pamoja na mtoto. Tukamtazama.

Siku ya ubatizo, mwezi wa Meskerem unaofungua mwaka wetu, milima ilikuwa ya njano kwa maua. Majirani walijaa nyumbani. Emama alikaanga kahawa, harufu ikaenea. Tiruye alikuwa amempakata mtoto, akicheka na kila mtu. Kisha ghafla machozi yakamtoka.

"Namkumbuka Bereket," alisema.

Mgeni mmoja akainama kwake, akasema, "Nyamaza, mama. Leo ni siku ya furaha."

Emama Wubalem alisimama. Aliweka kikombe chake chini, akamtazama Abba Melaku, akamtazama Fikirte, akatutazama sote.

"Nisikilizeni, muwe mashahidi wangu," alisema kwa sauti kubwa. "Katika nyumba hii, mkwe wangu akiwa na njaa, atakula. Akichoka, nitamwambia lala. Na akilia, mimi sitamwambia nyamaza tena. Nitakaa naye mpaka amalize."