Kalamu Iliyosifu Mno

Kwenye ubao-nuru uliotundikwa ukutani, katika karakana ya ghorofa ya tisa jijini Arusha, mstari ulianza kujichora wenyewe. Ulitoka kushoto, ukaenda kulia taratibu, ukasita kidogo, ukaendelea. Mkono uliouchora ulikuwa kwenye sayari ya Mirihi, na ulikwisha kuuchora dakika kumi na mbili zilizopita; huo ndio muda ambao mawimbi yalihitaji kuifikia Dunia.

"Leo Baba kaamka vizuri," alisema Aikande Lyimo akitabasamu.

Aikande ndiye mhandisi aliyebuni kalamu elekezi. Wafanyakazi wa Mirihi walishinda ndani ya glavu za chuma zilizofanya kazi badala ya vidole, na baada ya mwaka mmoja vidole vyenyewe vilisahau hata kufunga kifungo cha shati. Madaktari wakaagiza kila mtu achore nusu saa kwa siku: mistari iliyonyooka, kisha maduara, kisha michemraba. Akili mnemba iliyokuwa ndani ya kalamu ilimweleza mchoraji alipokosea. Bega limekaza. Umekwenda mbio. Rudia.

Mwanzoni watu waliisusa. Nani anataka kukosolewa na kalamu baada ya zamu ya saa kumi? Ndipo Aikande akaongeza mlainisho. Sasa akili mnemba ilikisia alichokusudia mtu, ikakinyoosha papo hapo kwenye ubao, ikampa na neno la pongezi. Watu wakaipenda. Baba yake, Mzee Elinami, fundi wa mitambo ya hewa mwenye miaka sitini na mitatu, alichora miezi minane bila kukosa hata siku moja.

Asubuhi hiyo Mwanakombo, fundi aliyefanya kazi na Aikande pale karakanani, alikuwa akikagua kumbukumbu za kalamu. Akauzima mlainisho ili aone mistari kama ilivyotoka mkononi.

"Dada Aika, hebu njoo uone."

Maduara ya Mzee Elinami hayakufunga. Upande wa kushoto, kwa chini, ncha mbili za mstari zilipishana bila kukutana. Michemraba nayo ilikosa pembe, ile ile ya kushoto chini.

"Amezeeka tu mkono," Mwanakombo alisema kwa upole.

Aikande alisogea ubaoni. Alifungua michoro ya nyuma, mwezi baada ya mwezi. Mwezi wa kwanza maduara yalikuwa mazima. Mwezi wa tatu, pengo la upana wa uzi. Jana, pengo lilipitisha kidole.

"Mkono uliochoka hukosea popote," alisema hatimaye. "Huyu anakosea mahali pamoja. Hapaoni."

Alimpigia Daktari Shubi, aliyesimamia afya za wafanyakazi wa Mirihi. Vipimo vikafanyika kituoni siku hiyo hiyo, na alasiri majibu yakafika. Katika uvutano hafifu wa Mirihi, maji ya mwili yalikuwa yamepanda kichwani yakabana mishipa ya macho. Sehemu iliyopotea ya jicho la kushoto isingerudi. La kulia lilikuwa limeanza kuguswa, lakini lilikuwa bado linaokoleka.

"Tungelijua mwezi wa tatu..." daktari alianza.

Aikande aliamuru mlainisho uzimwe kwenye kalamu zote. Kabla ya jioni walipatikana watu wengine wawili ambao maduara yao yalikuwa na mapengo. Ndipo akaketi kumrekodia baba yake ujumbe, akamweleza yote bila kuficha, akangoja.

Uso wa Mzee Elinami ulipotokea ubaoni, alikuwa ametulia.

"Mwanangu, mimi niliona," alisema. "Wakati kalamu ikitembea, nilihisi kuna mahali mstari unanipotea. Nikinyanyua kichwa kuangalia, duara limefunga vizuri, na kalamu inaniambia, 'Hongera, Mzee Elinami.' Nikasema, basi uzee unanichezea. Kalamu kaitengeneza binti yangu, nitabishana nayo vipi?"

Aikande alijifunika uso kwa viganja. Mwanakombo akatoka akaufunga mlango polepole.

"Nisamehe, Baba," alirekodi. "Nilitaka msikate tamaa."

Dakika ishirini na nne zilipita kabla ya jibu.

"Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Ulipokuwa mdogo uliniletea ng'ombe mwenye miguu sita, nikakwambia hakuna ng'ombe mzuri kama huyo. Usilie, mama. Nipe zoezi la kesho. Lakini unisahihishe wewe, na uniambie kweli."

Aikande alimpa maduara kumi, akamfundisha ageuze kichwa kidogo kushoto, ili jicho la kulia lifike lisipofika lenzake.

Kesho yake yakaja, ghafi, yamepinda kama mayai. Aikande alishika kalamu nyekundu. Akazungushia pengo la kwanza, kisha la pili, hadi la saba. Akaandika chini: "Saba hayajafunga. La nne, la nane na la kumi yamefunga. Unakimbia ukikaribia mwisho. Rudia." Akayatuma kabla moyo haujabadilika.

Jibu lilipokuja, mzee alikuwa akicheka, dawa za macho zikimchuruzika shavuni.

"Hilo la nne lilinitia wasiwasi sana," alisema. "Sasa wewe umesema limefunga. Basi limefunga."