Bibi Alikuwa Anangoja Honi

Sogeeni karibu. Mwenye karanga mdomoni atafune amalize, maana hadithi hii ina vumbi jingi.

Naijua vizuri, kwa sababu dereva nilikuwa mimi. Dereva hodari kuliko wote Iringa. Mbishi akaulize.

Twilumba alikuwa na miaka sita. Aliishi na mama yake, na mdogo wake Lukelo, na bibi yake. Mimi ni mjomba wake. Bibi yake ndiye mama yangu mimi.

Twilumba na Bibi walilala kitanda kimoja. Bibi alilala ukutani. Twilumba alilala dirishani.

Huyo mtoto alipenda madirisha yote duniani.

Basi zikaja habari. Jumamosi kuna mashindano ya magari! Magari ya mbio yatapita katikati ya mashamba, ng'ambo ya mto.

Vruuum! Vumbi tifu!

Ijumaa jioni tukakaa uani kupanga safari. Nikachora njia chini kwa kijiti. Niliichora vizuri mpaka kuku wakaanza kuifuata.

"Mimi naleta gari," nikasema. Gari langu linaitwa Radi. Lina mwendo hilo! Siku moja nilimpita swala, na swala akanipungia kwato.

"Radi hilihili tunalolisukuma?" akauliza Mama Twilumba.

"Linasukumwa kwa heshima, dada."

Mama akasema ataleta maandazi na chupa ya chai. Lukelo akasema, "Ba!" Alikuwa na mwaka mmoja tu. Hakuwa na la kuleta.

"Mimi nitakaa dirishani!" akasema Twilumba.

Sasa sikilizeni, shida inaanzia hapa.

Mama na Lukelo hukaa mbele, pamoja nami. Nyuma kuna nafasi moja tu, ya dirishani. Kwingine kote kumejaa tairi la akiba na dumu la maji.

Akiongezeka mtu mzima mmoja, Twilumba atakaa juu ya dumu. Hapo ataona kisogo changu tu. Kisogo changu ni kizuri. Lakini hakikimbii kama magari ya mbio.

Twilumba akaenda jikoni. Bibi alikuwa anachagua maharage. Ka, ka, ka, yakadondoka kwenye sinia.

"Twilu, mjukuu wangu," akasema Bibi. "Kamwambie mjomba wako nami nimo. Kesho anipigie honi. Nikisikia honi, natoka."

"Bibi! Na wewe unataka kuona magari?"

Bibi akacheka. "Nilipokuwa msichana, gari la mbio liliharibikia hapo shambani kwetu. Lilitoa moshi, psssss! Nikampa dereva maji, kibuyu kizima. Nikainama kukiokota kibuyu changu. Kuinuka, gari halipo! Sikuliona likikimbia. Niliona vumbi tu."

Ka, ka, ka, maharage.

"Kesho nitaliona," akasema Bibi.

Twilumba akatoka jikoni. Akatembea polepole. Akafikiria dirisha. Akafikiria kisogo changu.

"Bibi anasemaje?" nikamwuliza.

Neno lilifika mdomoni.
Twilumba akalimeza. Gulu!

"Hajasema kitu," akajibu.

"Basi ni magoti yake yanamuuma, hatakuja," nikasema.

Ningeweza kwenda kumwuliza mwenyewe. Ni hatua kumi tu hadi jikoni. Lakini bado nilikuwa nasimulia habari ya yule swala.

Asubuhi na mapema tukalisukuma Radi. Kata-kata-kata… puh! Kata-kata-kata… vrrr!

Sikupiga honi. Nilijiambia, "Mama yangu amelala. Nisimwamshe."

Twilumba alikaa dirishani. Kioo kilikuwa chini. Upepo ulimpiga usoni, fuu, fuu.

Akageuka kutazama nyuma.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Amevaa kitenge chake cha njano, kile cha sikukuu. Akaupunga mwavuli wake juu.

Bibi akawa mdogo kama jogoo. Akawa mdogo kama kifaranga. Akawa mdogo kama punje ya hindi.

Kisha tukakata kona.

Neno lilifika mdomoni.
Twilumba akalimeza. Gulu!

Mnaniuliza, wewe dereva hodari, hukumwona? Kile kioo cha kutazamia nyuma nilikuwa nimekigeuza. Nilikuwa najitazama masharubu.

Njiani kulikuwa na mashamba ya alizeti. Alizeti zilipita dirishani. Za njano. Za njano. Za njano kama kitenge cha Bibi.

"Twilu, mbona huongei?" akauliza Mama. "Si umelipata dirisha lako?"

Neno lilifika mdomoni.
Twilumba akalimeza. Gulu!

Likalala tumboni, zito na baridi, kama kiporo cha ugali.

Tulipofika, watu walikuwa wamejaa. Utepe ulikuwa umefungwa kando ya barabara. Mtu mmoja alisimama hapo na bendera nyekundu.

Tukatandika mkeka kwenye kilima. Mama akagawa maandazi. Moja langu. Moja lake. Moja la Twilumba. Nusu ya Lukelo.

Likabaki moja zima.

"Hili la nani?" akauliza Mama.

Neno lilifika mdomoni. Twilumba akajaribu kulimeza.

Halikumezeka.

"La Bibi!" akalia Twilumba. "Bibi alisema naye yumo! Alisema apigiwe honi! Mimi sikusema. Nilitaka dirisha."

Tukanyamaza wote. Hata mimi nilinyamaza. Waliokuwapo watawaambia, jambo hilo halijawahi kutokea.

Kisha nikaruka juu. "Turudi tukamchukue!"

Nikamkimbilia yule mtu wa bendera. "Ndugu yangu, nipishe nirudi nyumbani mara moja!"

"Haiwezekani, kaka. Barabara imefungwa. Magari yameshaachiwa."

"Ni mama yangu. Ananingoja."

"Pole sana, kaka. Hapiti mtu wala kuku, mpaka gari la mwisho lipite."

Nikarudi mkekani. Twilumba alinitazama. Nikatikisa kichwa.

Ndipo magari yakaja.

Vruuum! Vumbi tifu!

La bluu. La kijani. Jeupe lenye madoa ya tope. Yaliruka matuta kama panzi. Watu wakapiga miluzi. Lukelo akapiga makofi.

Magari yalikuwa mazuri sana. Ndiyo maana yalimuuma Twilumba. Kila likipita moja, aliwaza, "Na hili Bibi hakuliona."

Vruuum! Vumbi tifu! Na hili Bibi hakuliona.

La mwisho lilikuwa jekundu. Lilikuja likikohoa. Vru-vru, koh! koh! Likasimama mbele yetu na kutoa moshi. Psssss!

Mafundi wakalikimbilia, wakalisukuma kando ya barabara.

"Hilo watalitengeneza mpaka jioni," nikasema. Ningeweza kulitengeneza mimi kwa dakika mbili. Hawakuniuliza.

Sote tulikuwa wekundu kwa vumbi. Mama akatoa kitambaa amfute Twilumba uso.

"Usinifute, Mama! Vumbi hili ni la Bibi. Nampelekea."

Mama akakirudisha kitambaa mfukoni.

Barabara ikafunguliwa. Tukarudi. Twilumba akapanda mwenyewe juu ya dumu la maji. Hakuambiwa na mtu. Akatazama kisogo changu njia nzima.

Dirishani hapakukaa mtu.

Tulipofika nyumbani, nikapiga honi. Pii! Pii!

Bibi akatoka. Bado alikuwa amevaa kitenge cha njano.

"Honi yenu imechelewa," akasema Bibi.

Twilumba akashuka. Akasimama mbele yake.

"Bibi, nililimeza neno lako. Nilitaka kukaa dirishani. Naomba unisamehe."

Bibi akamtazama. Kuku mmoja akapita. Kuku wa pili akapita.

"Nilidhani umesahau," akasema Bibi.

"Sikusahau, Bibi."

"Basi imeniuma zaidi."

Twilumba akainamisha kichwa. Machozi yakachora mistari miwili kwenye vumbi.

Nami nikasogea. Nikasema, "Nisamehe, mama." Nilisema kwa sauti ndogo. Mimi huyu, ambaye nikiita Iringa naitikiwa Mafinga!

Bibi akamvuta Twilumba karibu. Akamnusa kichwani. Nf, nf.

"Hili ni vumbi la gari au la ng'ombe?"

"La gari, Bibi! Nimekuletea wewe!"

"Ahsante, mjukuu wangu," akasema Bibi. "Lakini vumbi ninalo tangu zamani."

Hata hivyo, akampangusa shavu kwa pembe ya kitenge cha njano. Pole. Pole. Kwa mkono wa mtu aliyeanza kusamehe.

Jioni Twilumba akaoga. Akala ugali na maharage. Tumbo lake lilikuwa na nafasi sasa. Lile neno zito halikuwamo tena.

Wakati wa kulala ukafika. Twilumba akasimama kando ya kitanda.

"Bibi, lala wewe dirishani."

"Na wewe?"

"Mimi nitalala ukutani."

Bibi akalala dirishani. Twilumba akalala ukutani. Ukuta haukuwa na kitu cha kutazama. Ulikuwa ukuta tu.

Mara wakasikia sauti mbali barabarani.

Vru-vru, koh! koh!

Twilumba akafumbua macho. Alikijua kikohozi hicho! Ni lile gari jekundu. Limepona, linarudi mjini kwa barabara yetu!

"Bibi! Fungua dirisha! Tazama!"

Bibi akafungua dirisha. Akatoa kichwa nje.

Vruuum!

Twilumba hakuinuka. Dirisha lilikuwa dogo, na lilikuwa la Bibi. Hakuona gari. Aliona mwanga wa taa ukipita usoni mwa Bibi, kutoka shavu hili hadi shavu lile.

"Linakimbia, Bibi?"

"Linakimbia, mjukuu wangu," akasema Bibi. "Loo! Linakimbia!"

Vumbi tifu.

Bibi akafunga dirisha. Alicheka kidogo peke yake, kama msichana. Kisha akamfunika Twilumba shuka mpaka kidevuni.

Tangu siku ile, nikiwasha Radi napiga honi kwanza. Hata kama naenda dukani kununua chumvi. Pii! Pii! Majirani wanalalamika. Waache walalamike.

Na ninyi laleni sasa. Aliye dirishani asogee kidogo.