Mkuu Alipopiga Simu

Jumapili ile kiingilio kilikuwa bure, na nusu ya Paris ilijazana makumbusho kutazama maonyesho ya Kaizari Napoleon baada ya kuanguka kwake, pamoja na askari wazee waliokataa kumsahau. Odile Vasseur, mlinzi wa ukumbi, koti jeusi limemkaa sawasawa na skafu nyekundu shingoni, alimwona mwanamume mrefu ameegemea kioo kilichohifadhi mguu wa mti wa askari mkongwe mmoja.

"Bwana, hicho si ukuta wa kwenu."

"Niwie radhi, dada. Mguu umechoka."

Akapandisha suruali kidogo. Chini ya goti palikuwa na chuma. Odile aliona haya, akamsogezea kiti chake mwenyewe.

"Wakikufukuza kazi je?"

"Utanilisha."

Akamlisha kweli. Rémi Lacombe, aliyekuwa sajini, alijua kupika dengu na soseji, na kabla majira ya kuchipua hayajaisha walikuwa wakiishi chumba kimoja mtaa wa Belleville. Odile akiwa kazini, simu haikupoa.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe umenyoa, au nitakuta kichaka?"

Kilichomkera Odile ni simu nyingine. Kila Mkuu alipopiga, Rémi alisimama wima, hata kama alikuwa mezani. Mkuu huyo, kanali wake wa zamani, alikuwa amevuliwa cheo na kushtakiwa. Alidaiwa kuwaamuru vijana wavuke mto uliofurika katika mazoezi. Mto ule ulichukua mguu wa Rémi na roho ya kijana aitwaye Bastien. Mkuu alishikilia kwamba hakuamuru. Bastien alijitosa mwenyewe.

"Ulimsikia akiamuru?" Odile aliuliza jioni moja.

Rémi akafunika sufuria. "Alinibeba mgongoni mpaka kwa daktari."

"Sijakuuliza hilo."

"Wale wazee wako wa kwenye vioo wangemsaliti Kaizari wao?"

"Wenzao wangapi aliwaacha kwenye theluji ya Urusi? Nashinda nao kutwa, Rémi. Siwaonei wivu."

"Hujawahi kuwa askari."

"Na mama yake Bastien? Naye anaambiwa amezaa mpumbavu, anyamaze tu?"

Rémi alichukua koti akatoka. Hakurudi. Odile alipiga simu mpaka akachoka, ilikuwa imezimwa. Siku ya kesi, Rémi akiwa shahidi, alimwona kwenye televisheni, amevaa suti ya kijivu, akipanda ngazi za mahakama huku Mkuu amemshika bega. Akazima. Basi, kashachagua, alijiambia, na chakula kikamshinda.

Maonyesho yalipofungwa, mafundi wakiwa wanashusha picha ukutani, Rémi aliingia, amekonda, ndevu zimemjaa.

"Nimekuja kukwambia neno, kisha niondoke."

"Nilikuona na Mkuu wako. Mlipendeza."

"Ile ilikuwa asubuhi. Mchana niliapa kizimbani, nikasema nilimsikia akiamuru. Bastien alisema hajui kuogelea, naye Mkuu akarudia amri." Aliegemea ukuta. "Hakunitukana, Odile. Alinitazama tu. Kikosi kizima sasa kinaniita Yuda."

"Mbona hukunipigia?"

"Niliogopa na wewe usipokee."

Odile alitamani kumzaba kofi. Alimshika mkono badala yake, nao ulikuwa wa baridi.

"Jumamosi nakwenda Limoges, kwa mama yake Bastien," Rémi alisema. "Peke yangu siwezi."

Jumamosi walipanda treni pamoja mpaka Limoges. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi mwenye sweta ya kiume, pana kuliko mabega yake. Alimtazama Rémi kwa muda, akamtazama mguu.

"Wewe ndiye sajini."

"Ni mimi, mama."

"Na huyu?"

Rémi alimsogelea Odile. "Mke wangu."

Hawakuwa wamefunga ndoa, wala hawakuwahi kulizungumza. Mama yake Bastien alimgeukia Odile, akingoja.

"Naitwa Odile, mama," alisema. "Mume wangu ana jambo la kukwambia. Tunaomba kuingia."